Duka la uzi lenye meza katikati

Nimeshona nguo za watu kwa miaka 22, na kwa muda wote huo sikuwahi kukanyaga duka la uzi wa kufumia. Uzi wangu ulikuwa ule wa koni, na kitambaa kilinifikia kikiwa tayari ni kitambaa. Kilichoniingiza humu ni sweta la mtoto.

Mteja wangu wa siku nyingi aliniletea sweta la buluu la mwanawe wa miaka 9. Lilikuwa limetoboka kiwiko cha kulia, tundu la kupitisha vidole vitatu, na lilifumwa kwa mkono na bibi yake mtoto. Akaniambia, "Fundi, wewe utajua la kufanya," akaondoka. Sikujua. Kiraka cha kitambaa juu ya sweta hukaa kama bati: sweta linavutika, kiraka hakivutiki, na vitanzi vya pembezoni hukatika kimoja baada ya kingine mpaka tundu linazidi lilivyokuwa mwanzo. Mkasi ndio nilioogopa zaidi. Kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zilizopishana, ukikikata kinatoa nyuzi ukingoni tu. Sweta ukilikata pasipostahili, linachuruzika.

Nililikunja, nikalitia mkobani, nikaenda. Ni mwaka mmoja na miezi minne sasa, na bado ninakwenda kila Alhamisi. Kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyepita mara moja akanunua bonge moja. Nimeliona duka hili likiwa limejaa, likiwa tupu, na likiwa limekosea.

Chumba ni kimoja. Kuta tatu zina rafu mpaka juu, na katikati pana meza ndefu ya mbao yenye viti vinane. Huwezi kuifikia rafu yoyote bila kuizunguka meza, na huwezi kuizunguka meza bila mtu kukuuliza unafuma nini. Siku ya kwanza nilidhani wamekosa nafasi, wakabanana hivyo kwa shida. Sasa naona mwenye duka alijua anachofanya tangu alipoingiza meza ile mlangoni.

Mwenye duka ni mama wa makamo, zamani alifundisha hesabu, na wote tunamwita Mwalimu. Nilipomwonyesha sweta hakugusa uzi wa kuniuzia. Alilitandaza mezani, akauliza, "Aliyelifuma alianzia wapi, chini au juu?" Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sweta lina mwanzo na mwisho. Akanionyesha: kila kitanzi upande wa mbele kinafanana na herufi V, na mdomo wa V unatazama kule kazi ilikokuwa inaelekea. Midomo ilitazama bega. Basi bibi alianzia pindo la mkono akapanda juu.

Hapo akachukua mkasi mdogo, akanipa mimi. "Kata hapa. Uzi mmoja tu." Alinyooshea kidole mstari wa pili juu ya tundu. Mkono wangu, ambao umekata mita nyingi za kitambaa nisizoweza kuzihesabu, ulisita. Nikakata. Akauvuta ule uzi uliokatika taratibu, ukatoka kwenye kitanzi baada ya kitanzi kuuzunguka mkono wote wa sweta, na sehemu ya chini ikaachana na ya juu kama kifuniko na chungu. Juu vikabaki vitanzi 46 vilivyo wazi, vimetulia, havichuruziki kokote. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nisingelijua bila kuliona: kitu kilichofumwa kwa sindano kinafumuka kwa urahisi kutokea mwisho wake, lakini kutokea mwanzoni kinagoma. Vile vitanzi vya juu vilikuwa vinatazamwa kwa upande wao wa mwanzo, ndiyo maana vilitulia. Kile kipande cha chini, chenye tundu, ncha yake ya juu ndiyo iliyokuwa mwisho. Tukaushika uzi, ukafumuka mpaka kwenye pindo, na uzi wote wa bibi ukarudi mikononi mwetu isipokuwa vipande vilivyokatika kwenye tundu.

Uzi uliofumuliwa una mawimbi kama nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye msuko. Hauwezi kufumwa hivyo. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti ukawa shada, tukaufunga mahali panne usijitatize, tukaulowesha katika maji ya vuguvugu na kuutundika. Alhamisi iliyofuata ulikuwa umenyooka.

Nilitaka kununua buluu ya kufidia ule uliopotea. Rafuni ilikuwapo buluu inayokaribia sana. Mwalimu alinikatalia. Alisema buluu inayokaribia itaonekana kama kosa, bora nichague rangi nyingine kabisa ionekane kuwa imekusudiwa. Fundi yeyote wa nguo atakubaliana naye. Nikachukua bonge moja la kijivu kwa ajili ya mistari miwili karibu na pindo, na hilo bonge moja ndilo pekee nililolipia kwa siku hizo zote mbili.

Kisha akanikabidhi sindano za milimita 4, akanifundisha kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma kwenye uzi wa chakavu, na akanifanya nihesabu. Kazi ya bibi ilikuwa na vitanzi 22 katika sentimita 10. Yangu, kwa sindano hizo, ilikuwa na 20: mkono wangu ni mlegevu kuliko wake. Nikashuka kwenye milimita 3.5, nikapata 22. Nilifuma kutoka vitanzi 46 nikipunguza viwili viwili mpaka 36, halafu pindo la mbavu, mbele mbili nyuma mbili. Nilitumia wiki tatu kwa kazi ambayo mzoefu angeimaliza kwa jioni mbili. Mahali nilipoungia kazi yangu na ya bibi, vitanzi vyangu vimesogea nusu kitanzi pembeni, kwa sababu nilifuma kwenda chini na yeye alifuma kwenda juu. Kwenye sehemu isiyo na urembo hakuna jicho linaloliona. Mimi nalijua lilipo.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo kipimo changu cha duka hili. Ningeweza kuuziwa siku ile mabonge matatu ya buluu, sindano, na kitabu, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Waliuliza kwanza nina nini mkononi.

Sasa rafu. Uzi umepangwa kwa unene, na rangi zinafuata baadaye. Mgeni hukasirika kidogo, maana anatafuta nyekundu na nyekundu iko mahali saba. Lakini huo ndio mpango wenye akili. Kuna kipimo cha unene kinachotumika sana, kutoka 0 kwa uzi wa lesi mpaka 7 kwa uzi mnene kama kamba, na rafu zimebandikwa namba hizo. Kila lebo inaonyesha uzito, urefu, sindano inayofaa na vitanzi vinavyotarajiwa katika sentimita 10. Ushauri wangu kwa anayeanza: soma urefu kabla ya uzito. Mabonge mawili ya gramu 50 yanaweza kulingana mkononi, moja likawa na mita 85 na jingine mita 200. Sweta hulishwa kwa mita.

Wanakuruhusu kugusa, tena wanakuhimiza uweke uzi shingoni, ukae nao dakika chache. Mkono umezoea mengi na hausemi ukweli kama ngozi ya shingo. Nilijifunza hapo pia kwamba pamba, niliyoizoea kwenye vitambaa, ikifumwa ni nzito na haina mnyumbuko, kwa hiyo gauni refu la pamba huzidi kurefuka kwa uzito wake lenyewe. Alpaca, sufu ya mnyama wa jamii ya ngamia, ni laini na ina joto, ila nayo hulegea. Sufu ya kondoo ina mawimbi ya asili yanayoirudisha ilipotoka. Akriliki hawaidharau, na nawapongeza kwa hilo. Kwa blanketi la mtoto litakalofuliwa kila mara, Mwalimu huielekeza mwenyewe.

Sweta langu la kwanza zima nililianza mwezi wa nne tangu nifike. Nilichagua sufu ya kijani iliyotibiwa ili isishikamane na kusinyaa ikifuliwa kwa mashine, bonge la gramu 50 lenye mita 105. Nilihitaji mabonge 11. Mwalimu alinipa moja, yale 10 akayatia kwenye mfuko wenye jina langu chini ya meza, akaniambia nirudi na kipande cha jaribio. Kipande cha sentimita 15 kwa 15, nihesabu vile vya katikati tu kwa kuwa vya pembeni hudanganya. Nikarudi na jibu: vitanzi 20 katika sentimita 10. Kifua changu ni sentimita 100 pamoja na nafasi ya kupumua, basi vitanzi 200. Akauliza, "Umekifua?" Sikuwa nimekifua. Akanirudisha nyumbani.

Kilipokauka kilikuwa na vitanzi 18. Sufu iliyotibiwa hivyo imeondolewa yale magamba madogo yanayoshikana, au yamefunikwa, na ikilowa hutanuka. Pigeni hesabu: vitanzi 200 vikigawanywa kwa 18 kwa kila sentimita 10 ni sentimita 111. Sentimita 11 za ziada ni nguo ya mtu mwingine. Nilianza na vitanzi 180.

Halafu akachana karatasi, akaandika jina la Elizabeth Zimmermann na chini yake namba tano. Huyu alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910, akahamia Marekani, akafundisha watu kufuma hadi kwenye televisheni, akafariki mwaka 1999. Namba zake ni hizi: kiwiliwili 100, mkono mahali penye upana 33, kifundo cha mkono 20, kwapa 8, shingo 40. Zote ni asilimia za vitanzi vya kiwiliwili. Kwa sweta langu ikawa 180, 60, 36, 14 na 72. Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Miaka yote hiyo nimechora mikono ya nguo kwa karatasi ya khaki, nikapima duara la kwapa, nikakata, nikaunganisha bega. Hapa unafuma bomba moja kubwa na mabomba mawili madogo mpaka kwapani, unaweka pembeni vitanzi 14 kila upande wa kila kwapa, unavikusanya vilivyobaki kwenye sindano moja ndefu ya waya, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya unaopindika, vikawa 244, kisha unapunguza kuelekea shingoni mpaka 72. Hakuna mshono wa bega wala wa ubavu. Kwapa tu ndizo zinazounganishwa mwishoni, vitanzi 14 kwa vitanzi 14, kwa sindano butu inayopita njia ile ile ambayo uzi ungepita kama ungefumwa. Nimeibandika karatasi hiyo ukutani juu ya cherehani yangu.

Kati ya yale mabonge 11, tisa yalikuwa na namba moja ya mkupuo wa rangi, yaani yalitiwa rangi pamoja, na mawili yalikuwa na namba nyingine. Dukani, chini ya taa ile, yalilingana kabisa. Mwalimu ndiye aliyegundua kwa kusoma lebo, akanionyesha kabla sijalipa. Alinieleza nifume mizunguko miwili kwa bonge hili na miwili kwa lile, ili tofauti isambae na isikae kama mshipi kiunoni. Nilipolitoa sweta nje juani, tofauti ilikuwapo. Bila yeye, ningekuwa na mstari tumboni.

Meza. Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi viti vinajaa. Hakuna kiingilio na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Yupo mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori, anafuma soksi tu. Soksi, soksi, soksi. Uzi wake ni asilimia 75 sufu na 25 nailoni, sindano za milimita 2.5, vitanzi 64, na gramu 100 zenye mita 400 hivi zinamtosha jozi moja. Anasema miguu ya dereva ndiyo iliyomfundisha kuiheshimu sufu, kwa kuwa inaweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Yupo mwanafunzi wa chuo anayefuma shali ya lesi. Yupo muuguzi ambaye hutoka zamu ya usiku na kupitia Jumamosi kabla ya kwenda kulala. Wapo wengine wanaokuja na kuondoka.

Meza ina utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika. Anayehesabu hasemeshwi, anainua kidole kimoja, na wote wanangoja, hata kama simulizi imefika pazuri. Hakuna anayecheka kazi ya mwenzake. Na mtu akisema "nimekosea," swali la kwanza ni "mistari mingapi nyuma?" Wanafumua bila huzuni. Mimi niliona ajabu, kwa sababu kitambaa kikishakatwa vibaya kimekwisha. Hapa uzi unarudi ulivyokuwa. Nilimwona yule mwanafunzi akipoteza kitanzi kwenye lesi, kikashuka mistari kadhaa na kuchukua jirani zake. Kwa lesi huwezi kukipandisha kwa kulabu kirahisi kama kwenye kazi ya kawaida, maana matundu na mapunguzo yameshikana. Lakini alikuwa amepitisha uzi mwembamba mweupe ndani ya vitanzi vyote mwishoni mwa mchoro uliotangulia. Akatoa sindano, akafumua mistari saba hadi kwenye ule uzi mweupe, kazi ikasimama hapo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mzee wa soksi aliishika ncha ya shali mpaka vitanzi vyote viliporudi sindanoni. Hawakusema neno. Tangu siku ile sijafuma lesi bila kupitisha uzi wa usalama.

Huyo mwanafunzi ndiye pia aliyetuambia, jioni moja tulipobishana nani alianza, kwamba soksi za zamani zaidi zinazojulikana za kufumwa kwa sindano namna hii zimetoka Misri, za pamba, nyeupe na buluu, za miaka 1,000 hivi iliyopita. Nami nilijibu kwa cherehani yangu, nikidhani mashine yangu ni ya kale. Akaniambia mashine ya kufuma soksi ilitengenezwa Uingereza na William Lee mwaka 1589. Hiyo inaitangulia cherehani ya kwanza kwa miaka zaidi ya 200. Niliporudi kazini nilimsimulia kila mteja.

Kazi ya pamoja ya meza ni kofia za watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Muuguzi ndiye aliyeianzisha na ndiye mwenye ukali. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa chenye mzingo wa sentimita 35 hivi. Aliyezaliwa katika wiki ya 28 ana kama 25. Kofia ya saizi moja haimfai yeyote kati yao. Alituletea vipimo vitatu, akavitundika ukutani, na anapima kila kofia kabla ya kuitia kisandukuni. Hataki vifungo, hataki vishada vya juu, hataki uzi wenye manyoya, na hataki mshono mnene wa ndani kwa kuwa mtoto huyo hulala juu yake saa zote. Pindo liwe la mbavu ili livutike. Mara ya kwanza alinirudishia tatu kati ya tano. Nilikuwa nimefunga vitanzi kwa kubana mno, pindo halivutiki, na litaacha alama kwenye paji la uso. Alinionyesha kwa vidole vyake viwili jinsi kofia inavyovalishwa kichwa ambacho hupaswi kukisukuma. Nilizifumua zote tatu palepale. Tangu hapo nafunga vitanzi kwa sindano kubwa zaidi ya ile niliyofumia.

Yanayoniudhi sasa, na nimeshamweleza Mwalimu uso kwa uso.

Taa. Taa ni mbili tu na zote ziko juu ya meza, zina mwanga wa njano. Ukifuma uzi mweusi au wa buluu nzito jioni, huoni vitanzi, na kuchagua rangi kwenye rafu za nyuma ni kubahatisha. Mimi huutoa uzi hadi mlangoni. Duka linalouza rangi lilistahili mwanga mweupe tangu siku ya kwanza.

Sindano za waya za sentimita 40, milimita 3.5 na 4, haziishi kuisha. Ndizo hasa zinazohitajika kwa kofia, na duka lenyewe ndilo linalohimiza kofia. Zile za sentimita 80 zimejaa droo nzima. Nimengoja mara moja wiki tano.

Darasa la wanaoanza linachukua watu wanane kwa mwalimu mmoja, na wanane ni wengi mno. Anayeanza anahitaji mtu wa kumshika mkono mara kumi kwa saa. Nimewaona watu wawili wakikaa dakika 20 wakiwa wamekwama, wakiona aibu kuita. Hawakurudi, na hilo linaniuma kwa sababu meza ingewapokea vizuri kama wangeivumilia saa ile moja.

Na lipo lililonikasirisha kweli. Kijana wa kusaidia dukani, siku Mwalimu hayupo, alimuuzia mama mmoja aliyekuwa hajawahi kushika sindano uzi mwembamba wa moheri (manyoya ya mbuzi wa Angora), mweusi, kwa kuwa aliusifu ulaini wake. Kila mfumaji anajua moheri haifumuki: yale manyoya yake marefu hushikana, ukivuta unakata. Ukichanganya na weusi, mtu anayejifunza haoni kosa lake, na akiliona hawezi kulirudisha. Yule mama alikuja Alhamisi na kipande kama kiota cha ndege, akisema mikono yake haifai kwa kazi hii. Nilisimama nikamwambia kwa sauti kwamba mikono yake haina tatizo lolote. Mwalimu aliyachukua yale mabonge yaliyokuwa mazima, akampa sufu ya unene wa kati, rangi ya maziwa, na sindano za mbao za milimita 5 ambazo vitanzi haviteleziki juu yake. Baadaye alizungumza na kijana, na sasa kwenye rafu ya moheri pana kadi ndogo inayoeleza jambo hilo. Yule mama yupo kwenye skafu yake ya pili.

Kuhusu kurudisha bidhaa: mabonge mazima yenye lebo wanayapokea. Shada likishazungushwa kwenye mashine yao kuwa bonge halirudishwi, na wanakuambia kabla hawajalizungusha. Naona ni haki. Ila usikubali walizungushe siku unayonunua kama huanzi kufuma wiki hiyo. Uzi uliokazwa kwenye bonge kwa miezi huchoka mnyumbuko.

Yule mtoto wa sweta la buluu amerefuka. Mama yake alilileta tena mwezi uliopita, mikono imefika juu ya vifundo. Safari hii sikwenda kuuliza. Nililitandaza mezani Alhamisi, nikakata uzi mmoja juu ya kila pindo, nikaokota vitanzi 36 na 36, na sasa naongeza sentimita 6 kwa kijivu kilichobaki kwenye bonge lile la kwanza. Mwalimu alipita, akatazama, akaendelea kupanga rafu.

Ukienda, nenda Alhamisi baada ya saa kumi. Beba chochote ulichonacho, hata kama kimekwama, na lebo zake kama hujazitupa. Kiti cha karibu na dirisha ndicho chenye mwanga. Ni cha mzee wa soksi mpaka saa kumi na mbili, halafu ni cha yeyote atakayekiwahi.